Zamu ya Kiti Kitupu

Boksi lilikuwa na uvuguvugu, kama shati lililovuliwa sasa hivi. Fundi aligusa kifuniko, akaondoa mkono, akaurudisha. Akajiambia ni jua la dirishani. Dirisha la duka lile lilitazamana na ukuta wa jirani, lakini mtu akishataka kitu hakosi sababu.

Walikuwa watatu. Fundi mwenyewe, mwanamke aliyeshona nguo nyumbani kwake na ambaye kila mtu alimwita hivyo, hata mwanawe akikasirika. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Na rafiki yake Nesi, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya hospitali, bado na viatu vyake vyeupe, akipiga miayo. Walikuja kuchagua mchezo.

Si karata wala drafti. Ni ile michezo ya kuigiza mezani: mnakaa, kila mmoja anajifanya mtu fulani, shujaa au mwizi au mchawi, mnasimuliana safari yenu, na msipojua kama jambo litafaulu mnarusha dadu. Watu wazima na kazi zao, ndiyo. Ukitaka kucheka, cheka. Wao walicheza kila Jumamosi alasiri kwa miaka, kwenye meza ya Fundi ya kukatia nguo, na msimulizi wao alikuwa mumewe. Bwana yule alikuwa na mtindo wake: kabla ya kuanza aligonga meza mara mbili kwa kidole, ko, ko, na nyumba nzima ikanyamaza.

Kisha akafa. Aliumwa kifua, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akarudi amelala. Fundi hakulia mazishini. Wapo waliosema ana moyo mgumu, na wapo waliosema mengine, maana binadamu hawakosi la kusema. Ukweli ni kwamba ndani yake palishikwa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na alijua kwamba siku damu ikirudi patauma sana. Kwa hiyo hakuthubutu kuusogeza.

Mchezo wao wa zamani hakuna aliyeweza kuufungua tena. Shemeji ndiye aliyetoa wazo la kutafuta mpya, wenye uchawi wa maana, kwa sababu kaka yake alilalamika maisha yake yote. "Uchawi gani huu?" marehemu alikuwa akisema. "Unatamka neno, nyoka anakufa, unaenda zako kula! Uchawi wa kweli lazima ukutoe kitu."

Muuzaji alikuwa mtu mtaratibu, anauza vitabu na michezo ya mitumba, na aliwapangia mezani alivyonavyo.

"Huu una vitabu vinne vya uchawi," akasema. "Wa moto, wa maji, wa upepo na wa giza."

"Vinne?" Nesi akaguna. "Kaka yangu, mimi mitihani nilimaliza zamani."

"Basi huu. Uchawi wake ni wa mizizi na majani. Unachanganya dawa, unaponya watu."

"Hiyo ndiyo kazi niliyotoka kuifanya usiku kucha. Niendelee nayo bure?"

Shemeji akacheka. Fundi hakucheka, mkono wake ulikuwa bado juu ya lile boksi jingine. "Na huu?"

Muuzaji akautazama mkono ule. "Huo hauna kitabu. Una vibao vidogo vyeusi. Ukitaka jambo, lolote, unalisema. Kisha unataja kitu kimoja cha moyoni mwa mhusika wako. Woga wake, au hasira, au kumbukumbu ya mtu. Unalaza kibao kifudifudi. Amelipa. Kuanzia hapo hana tena kitu hicho, nawe umwigize hivyo hivyo."

"Huo huo!" Shemeji akapiga kofi. "Kaka angeupenda huo."

"Hauna msimulizi. Kila mtu anasimulia zamu yake ikifika. Sharti lake ni moja tu: kiti kisicho na mtu msikigawie vibao."

"Sasa nani atakigawia kiti?"

"Mimi nasema kama nilivyoambiwa. Aliyeuleta aliuweka hapa akaondoka. Nilimwita, hakugeuka. Hakuwa na haraka, hakuwa na huzuni." Muuzaji akafikiri. "Hakuwa na chochote, yule mtu."

Wakaubeba.

Sasa, meza ile ilikuwa na sheria yake, ya zamani kuliko mchezo wowote waliocheza: asiyekuwepo hugawiwa. Nesi akiwa zamu, Shemeji akiwa barabarani na lori lake, hakuna aliyeachwa njiani. Kiti chake kiliwekwa, vitu vyake vikagawiwa, na aliyekaa kushoto kwake akamchezea. Ndiyo heshima yao. Ndugu wengine hugombana kwa kusahauliana. Wao kosa hilo hawakulijua.

Basi Jumamosi ikafika, wakakaa, na Shemeji akaanza kugawa. Mkono ulikwenda kwa Fundi, kwa Nesi, kwake mwenyewe, na kwenye kiti cha nne. Mkono una mazoea yake. Alipotambua, vibao vilikuwa vimeshalala mbele ya kiti cha kaka yake.

"Nivitoe?" akauliza polepole.

Fundi aliviangalia. "Asiyekuwepo hugawiwa," akasema.

Nani angebishana na mjane juu ya hilo? Wakaanza.

Wahusika wao walifika kwenye mto usio na daraja. Shemeji, ambaye siku zote alicheza askari, alitaka askari wake atembee juu ya maji, akalipa kwa woga. Nesi alitaka mganga wake aone walioko ng'ambo, akalipa kwa huruma, akasema kwa utani kwamba nesi bila huruma atapandishwa cheo. Fundi alikuwa mwanamke mlinzi wa lango. Zamu yake ilipofika akasema mto ukauke wote, na analipa kwa uchungu wa kufiwa.

Hakuna aliyemtazama. Alilaza kibao kifudifudi, na sauti yake ilikuwa ndogo tu, kama kifungo kikianguka sakafuni. Chini ya meza, mwanawe alikuwa akicheza na vifungo halisi. Mtoto wa kike, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, na jina lake la nyumbani lilikuwa Kifungo kwa sababu ya mchezo huo.

Ikabaki zamu ya kiti cha nne. Shemeji ndiye aliyekuwa kushoto kwake. Akafungua mdomo ili amchezee.

Ko, ko.

Kila mmoja aliangalia vidole vya mwenzake. Vilikuwa vimetulia. Mbele ya kiti kitupu kibao kimoja kilikuwa kimelala kifudifudi, na chumba kilinuka pasi ya moto juu ya nguo mbichi, ingawa pasi ilikuwa rafuni, waya wake umeviringishwa.

"Jamani," Nesi akanong'ona. "Nani amegonga?"

"Sijui," Shemeji akasema, kama mtu aliyeulizwa saa. Wengine wangepita dirishani. Lakini Shemeji alikuwa ameshalipa woga wake, na Nesi, aliyekuwa bado na wake, alichukua mkoba akaondoka bila kuuliza kama waliobaki watakuwa salama. Naye Fundi alisikia uso wa meza ukigongwa kwa kidole cha mumewe, aliyemzika, na moyo wake haukusema kitu.

Siku hiyo alilala usingizi mzito, na asubuhi akashona kola ambayo ilikuwa imemshinda tangu msiba.

Ungedhani wangekoma. Waliendelea, kila Jumamosi, kwa sababu hakuna kinachovuta kama kisichouma. Nesi alirudi pia. Alisema anaogopa zaidi akikaa peke yake. Kiti kikagawiwa, kikacheza zamu zake. Hakikusema neno. Kiligonga, na kibao kikalala, na wao wakaendelea pale hadithi ilipofika, wakajua kila mmoja kilichotokea bila kuambiwa.

Shemeji akawa anashusha lori mlimani bila kugusa breki. Utingo wake aliteremka njiani akarudi kwa miguu. "Alikuwa anapiga mluzi," utingo aliwaambia watu. "Sisi tunakufa, yeye anapiga mluzi." Kule hospitalini, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alikaa chini mlangoni, na Nesi akamwambia, "Sogea, unaziba njia." Wenzake walimtazama. Yeye hakuona kosa. Si kweli alikuwa anaziba?

Fundi alishona vizuri kuliko zamani. Wateja walifurahi. Alipika, alifua, alimfunga mwanawe nywele, yote kwa wakati wake. Siku moja, saa za mchana, Kifungo alishika pasi. Alipiga ukelele uliotoa majirani nje. Fundi aligeuza shingo, akamwona mtoto ameshika kiganja chake, mdomo wazi. Alijua kinachotakiwa: mtu husimama, humkimbilia. Alilijua kama mtu anavyojua njia ya mji ambao haendi. Mshono ulikuwa umebaki kidogo. Akaumaliza, akakata uzi, ndipo akasimama.

Jirani aliyekuwa ameshaingia na maji baridi alimwangalia Fundi. Ni jirani huyo huyo aliyesema mazishini kwamba Fundi ana moyo mgumu, na ana mdomo kweli kweli. Siku hiyo alinyamaza.

Tangu pale Kifungo alibadilika. Mwanzoni alilia kama mtoto, kwa makelele na kamasi. Kisha akaacha makelele. Akawa anakaa kizingitini, mkono shavuni, machozi yanateremka yenyewe, na hajifuti. Chakula alikisogeza pembeni. Weusi ulimtokea chini ya macho, na mikono ikabaki vijiti. Alikuwa akikunja shati la baba yake, analikunjua, analinusa, analikunja tena.

"Una nini?" Fundi akamwuliza.

Mtoto alimtazama kwa macho yasiyo ya umri wake. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Bwana Dadu, umeniachia nani?"

Bwana Dadu. Hilo lilikuwa jina la chumbani, ambalo Fundi alimwita mumewe taa zikizimwa, na hakuna mwingine duniani aliyelijua. Na maneno yale aliyameza mwenyewe pale kaburini, hakumwambia mtu. Alisimama ameshika mkasi, anayasikia yakitoka kwa mwanawe mwenye pengo. Akafikiri: hii inatisha. Akalifikiri hivyo tu, kama anavyosoma tepu ya kupimia.

Nesi ndiye aliyeleta mganga. "Sikuja kwa ajili yenu," akasema mlangoni. "Nisiwadanganye. Nimekuja kwa ajili yangu. Jana stoo ya dawa iligongwa mara mbili. Kutoka ndani. Na ufunguo nilikuwa nao mimi."

Mganga alikuja na pikipiki, amevaa viatu vya ofisini, ana mafua, anapenga kamasi kila baada ya neno. Ungemdhania mkopeshaji. Aliingia, akanusa hewa kwa pua ile ile iliyoziba, akapiga chafya, akaelekeza kidole kwenye kiti cha nne.

"Nani alimkaribisha?"

"Ni kiti cha kaka," Shemeji akasema.

"Kaka yako amepumzika, mwache. Huyu ni jini." Alisema jini kama fundi bomba anavyosema bomba limepasuka. "Alipewa kiti, akapewa vibao, akapewa na zamu. Mgeni gani atakataa? Leteni kila mtu kibao chake. Kilicholazwa, kila mmoja akiinue mwenyewe. Hapo hatakuwa na cha kula."

Shemeji aliinua cha kwake. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha akashika ukingo wa meza, jasho likamtoka, akaanza kusema, "Ule mlima, Mungu wangu, ule mlima, na kona yake," akakaa sakafuni ameshikilia mguu wa meza kama usukani. Nesi aliinua cha kwake, akajiziba uso, akawa anasema, "Nilimwambia asogee. Yule mama. Nilimwambia asogee."

Fundi aliangalia chake. Kilikuwa kimesimama, kimeegemea kasha la sindano.

"Hiki kimeshainuliwa," akasema.

"Na nani?"

Sauti ndogo ikatoka chini ya meza: "Mimi. Baba alisema niinue, nione Mama ameficha nini."

Mganga aliacha kupenga kamasi. Aliinama, akamtazama mtoto machoni kwa muda, akainuka taratibu.

"Mama," akamwambia Fundi, na mara hii aliongea kwa heshima, "mwanao amebeba msiba wako. Wote, kama ulivyo, wa mtu mzima. Mifupa yake ni midogo. Hatafika nao mbali."

"Nitauchukua."

"Uchukue kwa kutaka. Sikulazimishi, na yeye hawezi kukupa. Ukiuchukua kwa kuwa nimekwambia, hautatoka."

Fundi alijitafuta ndani. Alitafuta upendo wa mwanawe mahali ulipokuwa ukikaa, akakuta pamefagiwa. "Sina hata moyo wa kutaka," akasema. "Nilitoa uchungu tu. Mbona na upendo umekwenda?"

"Wewe ni fundi. Ukivuta uzi mmoja wa kitambaa, mwingine unabaki?"

Ko, ko.

Ndipo kilipoongea kile kiti, na kiliongea kwa sauti ya mumewe, ile ya Jumamosi, yenye kicheko chini yake, kikasema pumzika mke wangu, umechoka, hujalala vizuri tangu nilipoumwa, mtoto atazoea, watoto wote huzoea, ukiushika mzigo huo utakuvunja mgongo na hakuna atakayekuokota, na wakati kinasema pedali ya cherehani ilianza kwenda yenyewe, sindano inapanda na kushuka bila uzi, na harufu ya nguo mbichi inayoungua ikajaa mpaka Nesi akakohoa na Shemeji pale sakafuni akaanza kulia kwa sauti, na vibao vya kiti cha nne vikawa vinalala kimoja baada ya kingine bila mkono, na Kifungo akamtazama mama yake kwa macho ya mjane, akasema kwa upole wa kutisha, "Acha tu. Nitaubeba mimi."

Fundi hakuogopa wala hakuhurumia. Hakuwa na kimojawapo. Lakini macho yake yaliangukia cherehani inayotoboa hewa, na kitu kimoja ndani yake kilikuwa hakijalipwa kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba ni mali. Ilikuwa sheria ya kazi yake, aliyowaambia wateja na wanafunzi: mshono ulioharibika hufumuliwa na aliyeushona. Hakuwahi maishani kumwachia mtu mwingine kufumua kosa lake.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Nimeiharibu mimi. Lete."

Akauchukua mkono wa mwanawe, ule wenye kovu la pasi, akauweka juu ya kibao, akaweka wake juu. Akakilaza. Akakiinua.

Damu ilirudi mguuni.

Alipiga yowe ambalo jirani alilisikia akajua, bila kuambiwa, kwamba mazishi ya nyumba ile ndiyo kwanza yanaanza. Alimwita mumewe kwa jina lile la chumbani mbele za watu, akamuuliza amemwachia nani, akalia mpaka akakosa pumzi, amemkumbatia mwanawe, anakibusu kile kiganja na kuomba radhi, anakibusu tena. Pedali ilisimama. Harufu ikakatika.

"Mama," Kifungo akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ya kitoto na ya kulalamika. "Unanibana. Nina njaa."

Mganga alifunga boksi kwa kamba, akaliingiza kwenye gunia, akasema halitaonekana tena. Kiti cha nne walikivunja uani wakakichoma. Kiliwaka vizuri, kama mti wowote mkavu.

Jumamosi ya pili Shemeji alileta mchezo wa zamani. Aliuweka mezani kwa woga, na woga ule ulimfurahisha; alikuja na basi, lori amelikabidhi kwa muda. Nesi alileta mkate, na macho yake yalikuwa mekundu kwa watu aliokwenda kuwaomba msamaha. Fundi alikuwa na upindo wa gauni mapajani, anaushona kwa mkono huku akisikiliza, maana mteja alikuwa akiusubiri jioni ile. Viti vilikuwa vitatu.

Shemeji akaanza kugawa. Mkono ulikwenda kwa Fundi, kwa Nesi, kwake mwenyewe, ukaelekea pale palipokuwa na kiti. Ukasita. Ukarudi. Wote watatu walitoa pumzi, na Nesi hata akacheka kidogo.

"Umejifunza," akasema.

Ko, ko.

Ilitoka chini ya meza, palepale penye vifungo.

"Kifungo," Fundi akasema. "Mwanangu, acha mchezo huo."

"Mchezo gani?" mtoto akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni, anatoka uani, kipande cha mkate mkononi na mdomo umejaa.

Hofu ilimpanda Fundi kutoka nyayoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, yote, bila kupungua, na pamoja nayo kikaja kile kingine, kizito zaidi, upendo wa mwanawe. Hakutazama chini ya meza. Alimnyakua mwanawe akatoka naye mbio mpaka barabarani, peku, na nyuma yake upindo ulibaki nusu, sindano inaning'inia kwenye uzi.